Kufika Bila ya Kwenda

Mtu aliye Dar es Salaam akitaka kufungua kabati lililo katika mji mmoja wa nyanda za juu kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 500, hana budi kupanda basi alfajiri, apite Morogoro, akate mbuga ya Mikumi, apande mlima Kitonga polepole nyuma ya malori, na kufika jioni viungo vimemkakamaa. Kompyuta imeifuta safari hiyo. Mtu huketi kitini pake, huandika mstari mmoja wa maneno, hubonyeza kitufe, na mara mbele ya macho yake hufunguka kioo cha kompyuta iliyo huko juu, pamoja na faili zake, saa yake na vurugu zake. Huitawala kwa kipanya kana kwamba iko chini ya kiganja chake. Amefika bila ya kwenda. Jambo hili limezoeleka mno hata wale walifanyao kila siku hawalistaajabii tena, na yamkini kutostaajabu huko ndiko chanzo cha makosa yao mengi.

Njia za kufanya safari hiyo ni mbili. Ya kwanza ni ya picha: mtu hubofya alama iliyochorwa juu ya kioo, dirisha hujitokeza, naye huingia pasipo kutamka neno. Ya pili ni ya maandishi: mtu hufungua dirisha jeusi lisilo na pambo lolote, na pale penye kialama kinachopepesa huandika amri kwa mkono wake, akitaja jina la programu, jina lake mwenyewe, na jina la kompyuta anayoiendea. Wengi huiona njia hii ya pili kuwa ya kizamani, mfano wa mtu aandikaye barua kwa kalamu ya kuchovya wino ilhali simu iko mfukoni. Dhana hiyo si ya haki. Mwenye kuandika amri hulazimika kujua anakokwenda kabla ya kwenda. Mwenye kubofya picha hahitaji kujua lolote ila mahali picha ilipo.

Mtunzaji mmoja wa kompyuta alilijua jambo hilo baada ya kuadhirika. Alikuwa mtumishi wa chuo chenye makao Dar es Salaam na tawi lake katika mji ule wa nyanda za juu, na alianza kazi mwaka 2006, akiwa kijana wa miaka 24. Kazi yake ilikuwa kuzitunza seva, yaani zile kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu za wengi na kuzigawa kwa wanaozihitaji, na mbili kati ya hizo zilikuwa huko tawini. Seva zenyewe zilitumia Windows. Kompyuta aliyopewa yeye ilikuwa kuukuu, imerithiwa kutoka chumba cha masijala, na kwa kuwa haikuweza kubeba mzigo wa programu mpya ilitiwa Linux. Ndani ya Linux hiyo ilikuwamo programu ndogo iitwayo rdesktop, isiyo na sura wala vitufe, ambayo huitika tu ikiitwa kwa jina lake katika mstari wa amri.

Fundi aliyemtangulia alimwachia karatasi moja iliyobandikwa ukutani. Juu yake iliandikwa amri hii: «rdesktop -u msimamizi -g 1024x768 -a 8 -z -x m», kisha likafuata jina la seva. Kijana aliinakili kwa miezi kadhaa bila ya kuielewa, kama mtoto wa chuoni asomaye herufi ambazo maana yake bado hajafundishwa. Kisha siku moja, umeme umekatika na kazi zimesimama, alitoa mtoni mwa meza mwongozo wa programu uliochapishwa kwenye karatasi, akausoma karibu na dirisha, na ndipo alipogundua kuwa maneno yale yalikuwa na sarufi. Neno la kwanza ni kitenzi. Vipande vyenye vistari ni viambishi vyake. Herufi u humtaja mtendaji. G huonyesha ukubwa wa dirisha, nukta 1024 za upana na 768 za urefu. A pamoja na 8 hupunguza rangi zibaki 256 tu. Z huamuru habari zibanwe kabla ya kupelekwa. X na m huionya programu kwamba njia ni nyembamba kama ya modemu, basi iache mapambo. Jina la seva, mwishoni kabisa, ndilo yambwa. Kwa mtu aliyezoea lugha ambayo neno moja kama «nitakupelekea» hubeba mtenda, wakati na mtendewa, hakuna ugeni katika amri hiyo, ila kwamba viambishi vyake vimeandikwa mbalimbali.

Palikuwa na aibu moja katika karatasi ile. Fundi wa kwanza alikuwa ameongeza kwa wino mwekundu herufi p na baada yake neno la siri lenyewe. Ukuta ulilisoma, na kila aliyeingia kuomba karatasi za mashine alilisoma. Hata bila ya ukuta kosa lingebaki, kwa sababu neno lililoandikwa ndani ya amri hukaa katika kumbukumbu ya amri zilizopita, na mtu mwingine atumiaye kompyuta hiyohiyo aweza kuliona akitazama orodha ya programu zinazofanya kazi. Kijana alilifuta neno, akaweka kistari kitupu baada ya p, na tangu hapo programu ikawa inamwuliza kila mara naye anajibu kwa siri. Hilo lilikuwa tendo lake la kwanza la hiari katika lugha ile.

Tamaa ya kuingia katika kompyuta ya mbali si ya jana. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, yapata saa nne na nusu, mwanafunzi aitwaye Charley Kline katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles alijaribu kuingia katika kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, ambako Bill Duvall alikuwa akingoja. Alikusudia kuandika neno LOGIN. Herufi L ilifika, na O ikafika. Alipoandika G mtambo wa upande wa pili ukaanguka. Baada ya muda wa kama saa moja walifanikiwa. Umbali wa mahali hapo pawili haupishani sana na ule wa Dar es Salaam na nyanda za juu. Wanaosimulia kisa hicho hupenda kutaja herufi mbili zilizofika, kwamba ndizo ujumbe wa kwanza wa mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Lakini yafaa kukumbuka pia kwamba mabwana hao walikuwa na simu masikioni, wakiulizana kama herufi imeonekana. Mtambo wa kuondoa umbali ulizaliwa ukiwa na mkunga, na mkunga alikuwa sauti ya mtu.

Kwa miaka mingi kilichosafiri kilikuwa maandishi tu. Picha zilikuja baadaye. Mwaka 1998 kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la Windows NT 4.0 lililowawezesha watu wengi kuitumia seva moja kutoka mbali, na kwa ajili hiyo ikatunga itifaki iitwayo RDP, yaani mapatano ya namna kompyuta mbili zitakavyozungumza juu ya kioo, kibodi na kipanya. Programu za kuingilia zilitengenezwa kwa wenye Windows. Matthew Chapman ndiye aliyeiandika rdesktop kwa ajili ya wengine, wakati ambapo sehemu kubwa ya mapatano hayo haikuwa imechapishwa, na anayetaka kuyajua alipaswa kuyachungulia maneno yanayopita kati ya mashine, kama mtu ajifunzaye lugha kwa kusikiliza mazungumzo ya majirani nyuma ya ua. Mwaka 2008 Microsoft iliyatoa hadharani maelezo ya itifaki hiyo, na mwaka 2009 programu nyingine, FreeRDP, ikachipuka katika shina la rdesktop. Hii mpya ilifika mahali ikabadili sarufi: vistari vikaachwa, mikwaju ikashika nafasi yake, hivi kwamba leo huandikwa «xfreerdp /u:msimamizi /v:» na jina la seva. Wazee waliendelea na vistari vyao. Vijana hawakujua kwamba viliwahi kuwako. Na rdesktop, baada ya kutumikia watu kwa miaka ishirini hivi, imekosa mtunzaji, kama nyumba ya ukoo ambayo warithi wote wamehamia mjini.

Namna mapatano haya yanavyofanya kazi ina hekima ambayo mwenye kubofya picha haioni. Katika umbo lake la awali itifaki hii haikupenda kupeleka picha nzima ya kioo; ilipeleka maagizo ya kuchora. Seva husema: piga mstari kutoka hapa hadi pale; jaza mraba huu rangi ya kijivu; weka herufi uliyopewa dakika iliyopita, ile ya namba fulani. Programu ya upande wa pili huzihifadhi herufi na vipande vya picha katika akiba yake, na ikiamriwa tena huvitoa humo pasipo kuvingoja viletwe upya. Kwa kurudi hupelekwa vitu vichache zaidi: kitufe kimebonyezwa, kitufe kimeachwa, kipanya kimesogea. Kwa hiyo kinachoonekana Dar es Salaam ni mchoro uliochorwa Dar es Salaam, kwa maelekezo ya seva iliyo mbali. Matoleo ya siku hizi yameongeza njia nyingine, hata za kupeleka picha zinazotembea, lakini msingi wa ubahili ule wa kwanza ndio uliowafaa watu wa njia nyembamba.

Na njia ya chuo ilikuwa nyembamba kweli. Hadi mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita katika setilaiti zilizosimama angani kimo cha kilomita 36,000 hivi. Ishara hupanda kimo hicho na kushuka, kisha jibu hupanda na kushuka, na hata kwa mwendo wa nuru safari hizo hula karibu nusu ya nukta ya saa. Nusu sekunde ni kitu kidogo kwa mtu anayesoma barua. Kwa mtu anayeandika herufi na kungoja kuiona ni muda wa kutosha kutilia shaka kidole chake mwenyewe. Kijana alizoea kuandika neno zima gizani kisha kulitazama likijitokeza. Akibofya kitu alitoa mkono juu ya kipanya asije akabofya mara ya pili. Umbali ulikuwa ukijitangaza katika kila tendo, naye aliuheshimu.

Julai 2009 waya wa nuru wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi ukiwa umefika Mombasa na Dar es Salaam, na baadaye nyaya za nchi kavu zikaufikia hata mji ule wa nyanda za juu. Katika uzi wa kioo nuru husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kilomita 500 si kitu. Herufi sasa zilitokea pamoja na kidole. Kijana aliondoa a na 8, rangi zikarudi, aliondoa z, aliondoa x na m. Mwisho akaongeza herufi moja mpya, f, ambayo hukitandaza kioo cha mbali juu ya kioo kizima cha karibu, kusiwe na ukingo, wala jina juu ya dirisha, wala alama yoyote ya kuonyesha kwamba hiki si chako. Ilikuwa raha tupu. Aliweza kufungua seva zote mbili hivyo, na kwa kubonyeza Ctrl, Alt na Enter akalikunja dirisha la moja na kulitandaza la nyingine.

Jumamosi moja ya Juni 2011, karibu na saa sita za usiku, alikuwa akimaliza kuistaafisha seva ya zamani ya tawi. Kumbukumbu zake zilikwisha hamishwa. Kilichobaki ni kuizima. Seva ya pili ilikuwa ya ofisi ya mitihani. Ndani yake zilikuwamo alama za mamia ya wanafunzi, na Jumatatu asubuhi kikao cha watahini kilikuwa kimeitwa kuzijadili. Seva zote mbili zilikuwa na kioo cha buluu ileile, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeziwekea, siku moja, kwa mkono mmoja. Alichagua agizo la kuzima. Seva za aina hiyo humwuliza mtu sababu ya kuzizima, na kumpa orodha. Alishika ya kwanza bila ya kuisoma. Kioo kilikatika. Nyuma yake, likiwa hai na lisilo na neno, likaonekana dirisha la seva ya zamani.

Seva iliyoagizwa kujizima na kuanza upya hurudi yenyewe. Iliyoagizwa kuzimika hungoja kidole cha mtu. Na lilikuwapo lililo baya zaidi: nakala ya mwisho ya alama ilikuwa ya Alhamisi, ilhali walimu wengi, kama desturi ya walimu, waliingiza alama zao Ijumaa na Jumamosi. Diski za seva zilikuwa zimezunguka miaka mitano bila ya kupumzika, na diski za namna hiyo zikishapoa huweza kukataa kuzunguka tena. Kijana aliandika amri ya kuingia, akijua kuwa ni bure. Aliiandika mara tatu. Kisha alitafuta namba ya simu ya kibanda cha mlinzi wa tawi.

Mlinzi alikuwa mzee wa makamo ya baba yake, nao hawakupata kuonana. Simu iliita kwa muda mrefu.

«Shikamoo, mzee.»

«Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?»

«Hapana, mzee, hakuna msiba. Nimeizima kompyuta ya ofisi ya mitihani kwa makosa. Naomba uniwashie.»

«Wewe uko wapi?»

«Niko Dar es Salaam.»

Pakawa kimya, ila upepo wa nyanda za juu ulisikika ukipita katika simu.

«Mlango wa ofisi hiyo,» alisema mzee taratibu, «nimeufunga mwenyewe saa kumi na mbili, na ufunguo ninao hapa kiunoni. Wewe umeingilia wapi?»

Si vigumu kuelewa hofu yake. Kama kweli mtu ameingia chumba cha mitihani siku mbili kabla ya kikao, wa kwanza kuulizwa atakuwa mlinzi, na jibu la kwamba mlango ulikuwa umefungwa halitamsaidia. Kijana alijaribu kumweleza. Alisema kuna waya. Alisema yeye huiona kompyuta ile kwenye kioo chake na kuigusa akiwa huku huku. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

«Kwa hiyo kila usiku mimi nalinda mlango,» akasema, «na nyinyi mwapita ukutani.»

Hata hivyo alikwenda. Alisikika akikohoa kwa baridi, funguo zikigongana, mlango ukikwaruza sakafu. Akasema masanduku ni matatu: mawili yana taa za kijani zinazopepesa, moja limelala. Kijana alimwelekeza kitufe kilipo, akamsihi akibonyeze mara moja tu, asikishikilie. Mzee akasema amekibonyeza. Kisha akasema jambo ambalo hakuna kioo kingeweza kulisema: «Limenguruma, mwanangu. Lakini linanguruma kama mtu aliyeamshwa vibaya.»

Katika dakika zile, yule mzee alikuwa ndiyo itifaki. Aliulizwa rangi ya taa, akaijibu. Aliulizwa kama sauti inaendelea au imekatika, akaweka simu karibu na sanduku isikike. Dar es Salaam mtu aliandika amri, ikakataliwa. Akaandika tena, ikakataliwa. Mara ya nne kioo cha buluu kikafunguka. Alama zilikuwapo zote, hata za Jumamosi. Kijana alishukuru kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Mzee alimwuliza kama sasa ametoka. Hakuelewa. «Nauliza umetoka chumbani? Maana nataka kufunga.» Akajibu kuwa ametoka, na hapo tu ndipo alipoufunga mlango.

Jumatatu mkuu wa tawi alikuta katika kitabu cha matukio, kwa mwandiko wa kuinama, kwamba saa sita na dakika kumi usiku mtu wa Dar es Salaam aliingia chumba cha mitihani bila ya kufungua mlango, akaomba awashiwe, akawashiwa, akatoka. Barua ya kutaka maelezo ilifika Dar es Salaam siku ya Jumatano. Kijana aliijibu kwa ukurasa mmoja, asifiche kitu. Kwa ustadi wa fundi, hakuna alichoweza kukiongeza juu ya maneno ya mlinzi.

Tangu hapo aliiacha herufi f. Alirudi kwenye g, akakipa kioo cha mbali sehemu tu ya kioo chake, ili ukingo uonekane na dunia ya karibu ichungulie pembeni. Akaongeza T, ambayo humruhusu mtu kuliandikia dirisha jina alitakalo, na juu ya dirisha la kila seva akaandika mambo matatu: jina la mji, kazi ya seva, na namba ya simu ya kibanda cha mlinzi. Amri zake akazihifadhi katika faili moja ndogo, kila seva na mstari wake, apate kuzisoma kabla ya kuzitumia. Wenzake walimcheka kwa ajili ya namba ya simu. Kwao lilikuwa jambo la kituko kwamba mtu mwenye nguvu ya kuingia mahali popote aning'inize juu ya dirisha lake namba ya kumwita mlinzi.

Ingekuwa vema kusema kwamba mstari wa amri husema kweli daima, lakini nao umejifunza uongo. Tarehe 14 Mei 2019 Microsoft ilitangaza ufa katika RDP, uliokuja kuitwa BlueKeep, uliomwezesha mvamizi kuingia katika Windows za zamani kabla hata ya kuulizwa neno la siri. Hatari ilionekana kubwa kiasi kwamba marekebisho yalitolewa hata kwa Windows XP na Windows Server 2003, ambazo kampuni ilikwisha acha kuzihudumia. Itifaki hiyo hungoja wageni katika mlango namba 3389, na seva nyingi duniani zilikuwa zimeuacha mlango huo wazi kwa kila apitaye. Mtunzaji wetu, ambaye sasa hakuwa kijana tena, alikesha akiweka marekebisho, kisha akaufunga mlango 3389 kwa watu wa nje. Badala yake alichimba handaki: seva ndogo ya kukodi, ambayo kwa bei nafuu aliipata Ujerumani, ikawa lango, tawi liliunganishwa nayo kwa njia iliyofungwa kwa siri, na yeye vilevile. Ili kupita handaki hilo huandikwa amri yenye jina la seva «localhost», maana yake hapahapa. Mtu huandika kwamba anakwenda hapahapa, na habari zake huenda Ulaya, zikarudi, zikapanda nyanda za juu.

Programu ilimpinga. FreeRDP kila inapofika mahali pageni huomba kuona cheti cha kompyuta iliyo upande wa pili, kama mgeni apigaye hodi na mwenyeji akataja jina lake kabla ya kusema karibu. Cheti kilitaja seva ya mitihani. Amri ilisema hapahapa. Programu ikaonya kuwa majina hayalingani, ikamwuliza kama anaamini. Wengi huiziba mdomo kwa kuandika «/cert:ignore», wasiulizwe tena. Yeye alisoma alama za cheti, akazilinganisha na zile alizonakili, ndipo alipokubali. Ulikuwa udhia wa dakika mbili, na ulistahili.

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za bahari za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na jirani zake ikadhoofika kwa siku kadhaa. Jumatatu mtunzaji aliandika amri yake. Hakuna kilichofunguka. Alipunguza rangi, akaandika «/network:modem» kama katika siku za setilaiti, akangoja. Kioo kilichorwa robo, kikasimama. Hapo ndipo ilipombainikia kwamba mji ulio mwendo wa siku moja kwa basi alikuwa akiuendea kwa kupitia bahari, miaka mitano, pasipo kuuona mzunguko wenyewe.

Alifungua faili ya amri, akasoma namba iliyo katika jina la dirisha, akapiga. Sauti ya mashine ilimjibu kuwa namba hiyo haitumiki. Mzee alikuwa amestaafu mwaka 2016 na kurudi kijijini kwake; habari hiyo aliipata kwa mhasibu wa tawi, pamoja na namba mpya ya kibanda.

«Shikamoo,» ilisema sauti ya kijana.

«Marahaba. Naomba uende chumba cha seva, uniangalizie kama taa zinapepesa.»

Kijana alikwenda, akarudi. «Zinapepesa, mzee, zote za kijani. Wewe uko wapi?»

Alimwambia. Kisha akaivuta kibodi, akafuta tarakimu za zamani katika mstari wa seva ya mitihani, akaandika mpya, akahifadhi faili.